Kondoo Bila Kichwa

Siku ya yenga, 14 septemba 1975

Mvua imefika. Ilianza katikati ya misa, ikapiga mabati ya kanisa mpaka padri akaacha kuhubiri, na mimi nikamushukuru Mungu kwa yote mawili.

Daftari hii nimeishona mwenyewe na mabaki ya karatasi za imprimerie ya misheni, kule tulichapa vitabu. Miaka yangu yote ya kazi nilifunga vitabu, katekisimu na vitabu vya nyimbo, na sikuandika hata kimoja. Sasa niko pensioni. Muke wangu Godelive alikufa mwezi wa saba. Nyumba imenyamaza, na muzee akikaa peke yake sana anaanza kugombana na sufuria. Afazali nigombane na karatasi.

Leo nilifungua kikapu chake. Godelive alikuwa anafuma na kroshe, ile sindano yenye ndoano puani. Kila mutoto wa ukoo wetu alipata kanyama ka uzi kutoka mukono wake, na ndani ya tumbo kitu cha kulia: mutoto anatikisa, nyama inasema chaka-chaka. Mukubwa wetu Donatien alipata tembo. Binti yetu Noëlla alipata kondoo, akamutafuna masikio mpaka akaingia naye primaire. Na ndani ya kikapu nimekuta kondoo mwingine: mwili mweupe, miguu minne, mukia, tumbo wazi. Kichwa hakuna. Kroshe ingali imechomekwa ku shingo, pale alipoachia. Nilikaa chini.

Huyu ni wa mutoto wa Noëlla. Mimba yake ni ya tatu. Wa kwanza alilia siku mbili akaenda. Wa pili hakulia hata mara moja. Sasa munganga amesema asikae tena kule Luberizi, mahali bwana yake Évariste anasimamia mashamba ya mupunga, joto na malaria. Aje asubirie Bukavu. Atafika juma hili. Ametuma neno kwa shofere wa lori: mutu asinunue kitu chochote cha mutoto, hata kitambaa kimoja.

Kwetu njo hivyo. Mutoto hajalia, hatumutandikie kitu. Ukimutandikia mbele, unaonyesha kifo mulango wa nyumba yako.

Lakini kondoo alishaanzwa, na si mimi nilimwanza. Kifo kilimukata Godelive mukono katikati ya kazi. Mimi nitamumalizia, kwa siri, na mutoto akilia nitamutoa. Mutu aliyeshona Biblia kwa mukono, atashindwa na kondoo?

16 septemba

Nimeshindwa na kondoo. Nilivuta kroshe, ndoano ikanasa ku mukia, wote ukafumuka.

20 septemba

Noëlla amefika juu ya lori la mupunga, ameketi mbele na shofere, miguu imevimba. Évariste alimusindikiza, koti yake ya abakosti imekunjamana kama tambara, akarudi na lori lile lile juu kazi haingojei. Mama yake Évariste, Maman Cibalonza, alikuwa hapa mbele yangu mimi mwenye nyumba. Anakaa chini ya mutelemuko wetu hapa Kadutu, na sauti yake haina haja ya kupanda, inafika yenyewe.

"Papa Anaclet," alisema, "mukwe wangu angekaa kwangu. Mwanaume peke yake anajua nini ya mimba?"

"Anajua kupika uji."

"Uji! Mimba ya tatu, na wewe unasema uji!"

Noëlla alisema anataka kulala mu kitanda cha mama yake. Nikabeba mufuko wake mu chumba cha mama yake. Tumbo lake ni kubwa, na hata mara moja hakuliangalia. Analibeba kama mutu anayebeba mayai ya mwingine.

23 septemba

Mvua. Uji. Mvua.

29 septemba

Leo nimekwenda foyer, kule wamama wanajifunza kushona, kumutafuta Maman Madeleine, aliyefundisha pamoja na Godelive. Wamama walipoona muzee mwenye kofia mulangoni walifikiri nimeleta habari ya matanga. Nikamwita kando, nikatoa kondoo kutoka chini ya koti.

Alimushika, akamugeuza, akapanguza macho na kitenge. Kisha akacheka. "Huu mukia ni wako."

"Unajuaje?"

"Ni mukia wa mutu mwenye hasira."

Nilimwambia: unifundishe kichwa, lakini usiseme kwa mutu ninafuma nini. Akaapa. Akanionyesha: unazunguka, unaongeza, unazunguka, kisha unapunguza polepole mpaka tundu lifungane. Vidole vyangu vimezoea ngozi na gundi na uzi wa kitani, uzi unaojua kusimama. Huu wa sufu unateleza kama mutoto asiyetaka kuoga.

Halafu alisema uzi hana. Kweli, nani anao? Tangu maduka yalipotoka mikononi mwa wageni, wenyewe wapya waliuza kilichokuwa ndani, na hapo habari ikakwisha. Nimepita maduka yote ya Nyawera. Nimepata misumari, sardini na feni. Feni, Bukavu, na baridi hii!

5 oktoba

Mvua imekula kipande cha njia nyuma ya nyumba. Noëlla ameacha kutapika. Jioni aliniuliza ninafanya nini mu chumba nikifunga mulango. Nikasema ninasali. Akasema, "Papa, wewe?"

11 oktoba

Nimeamua. Nilikuwa nazungukia jambo hili tangu juma moja.

Nina tiriko moja ya kweli, ya kuvaa wakati wa baridi. Godelive aliifuma mwaka nilipougua mapafu, rangi ya kijani kama majani ya chai, kola nzito inayofika masikioni. Mwezi wa mvua nilikuwa sivue, alikuwa ananivua kwa nguvu aifue. Ina uzi wa kutosha vichwa vya kondoo zizi zima.

Nilitafuta mahali alipofungia kazi, chini ku pindo. Nilikapata kwa vidole, kafundo kadogo sana, kamefichwa vizuri. Ningekuwa fundi wake ningemusifu. Nilikata, nikavuta. Ilianza kufumuka mustari kwa mustari, tiri-tiri-tiri, bila kubisha, na uzi ukatoka umejikunjakunja, ungali unakumbuka mahali ulipokuwa. Nilifumua pindo na mugongo. Mikono ya tiriko sikuweza. Nikafunga mulango nikalia, basi, nimeandika.

12 oktoba

Baridi.

19 oktoba

Kichwa cha kwanza kimekwisha. Nilimupelekea Maman Madeleine.

"Kizuri," alisema. "Nguruwe."

"Ni kondoo."

"Papa Anaclet, nguruwe kijani. Na kijani hiki cha bendera, watasema ni nguruwe ya Chama. Fumua haraka mbele hawajakukamata."

Tulicheka mpaka wamama wakageuka. Nilifumua pale pale. Sasa najua kufumua vizuri kuliko kufuma.

22 oktoba

Cha pili: mbwa.

24 oktoba

Cha tatu. Mimi mwenyewe nilisema ni mbwa, mbele mutu mwingine hajasema.

28 oktoba

Kondoo! Kichwa ni kondoo. Siri ilikuwa masikio: yasisimame, yalale kando, kama mutu aliyesikia habari mbaya akaikubali. Nimemushona ku shingo kwa mushono wetu wa kitabu, ule usioachia hata mutoto akivuta. Mwili mweupe, kichwa kijani. Atachekwa, lakini atakuwa mutu.

Sasa tumbo. Mu kikapu kulikuwa na kopo ndogo ya dawa ya Godelive. Kando ya mitaro ya Nguba kunaota yale maua mekundu yenye mbegu nyeusi ngumu kama risasi. Aliziokotaka pale, nami nikaenda kuokota. Nilizitia mu kopo, kopo mu tumbo, pamba kuzunguka. Nikatikisa. Chaka-chaka. Ni sauti ile ile. Nilikuwa nimesahau kwamba sauti hiyo ilikuwa ya nyumba yetu. Nikatikisa tena, na tena, mulango umefungwa, kama mupumbavu.

3 novemba

Jambo la ajabu. Asubuhi mutu simujui amebisha mulango na kuku chini ya kwapa. Akavua kofia, akasema kwa sauti ndogo, "Muzee, kinga yangu imepotea." Kinga ni baiskeli. Nikamwambia pole sana. Akasimama. Nikasimama. Akaweka kuku chini. "Nasikia muzee anaweza kuona yule aliyeibeba."

"Mimi? Bila lunettes sioni hata wewe!"

Nilimufukuza na kuku wake. Wazimu umeingia muji huu pamoja na mvua.

6 novemba

Maman Eulalie, jirani yangu tangu tulipojenga, amevuka njia aliponiona. Kisha katekista Cyprien amekuja, ameketi ku ncha ya kiti, kofia ku magoti. Ameniuliza kama nakumbuka amri ya kwanza.

"Nilizifunga katekisimu hizo, Cyprien. Amri zote kumi zilipita mukononi mwangu na gundi."

Akasema watu wanasikia kitu kinalia mu chumba changu. Kayamba. Akasema tangu Godelive afe, shetani anajua nyumba ya mujane. Ndipo nilielewa: wanasema mimi ni mufumu. Mimi! Mutu wa kutikisa kayamba na kuita mizimu na kupiga ramli kwa kuku! Nilimwambia atoke mbele sijapiga ramli ya kichwa chake. Halikuwa neno la kusema.

9 novemba, siku ya yenga

Leo maandishi yatakuwa mabaya.

Kisha misa Maman Cibalonza alikuja. Hakukaa. Nyuma yake wamama wawili wa ukoo wao, na kitambaa cha kubebea vyombo. Alisema, na mara hii sauti yake ilikuwa chini, njo maana niliogopa.

"Papa Anaclet, mimi nakuheshimu. Lakini ku soko wanasema wewe ni mufumu, na nilisikia kwa mutu wa karibu yako kabisa. Sikuamini. Nikaja hapa alhamisi, nikasimama ku dirisha yako. Nikasikia mwenyewe. Chaka-chaka, chaka-chaka." Akashika kifua. "Bajukuu wawili, Papa Anaclet. Wawili nimewazika. Huyu wa tatu unamuitia nani mu chumba chako?"

Noëlla alikuwa amesimama mulangoni mwa chumba cha mama yake, mukono ku ukuta. Aliniangalia. Hakuniangalia kwa hasira. Aliniangalia kama mutoto anayengoja baba aseme hapana.

"Papa," alisema. "Ni nini inalia mu chumba?"

Kondoo alikuwa chini ya shati langu. Huyu hapa, ku tumbo, nilimuficha walipobisha. Ningefungua kifungo kimoja tu. Wamama wangecheka, Cibalonza angeona haya, na mimi ningesimama tena kuwa mutu kati ya watu. Nilipeleka mukono ku kifungo.

Halafu nikaona binti yangu. Nikaona vile anavyolibeba tumbo lile bila kuliangalia. Yule wa pili walikuwa wamemununulia beseni na shali ya njano. Shali ilirudi imekunjwa, na tangu siku ile Noëlla hataki kuona rangi ya njano, hata ndizi inamugeuzia uso. Na mimi nimutolee kitu cha mutoto, chenye macho na masikio, kinacholia, mwezi mmoja mbele? Atakiona. Akisha kukiona, hatalala tena. Na kukitokea neno baya, atasema ni baba yangu aliyefungua mulango.

Nikaondoa mukono ku kifungo.

"Siwezi kukuambia," nikasema.

"Huwezi, ao hutaki?" Noëlla aliuliza.

"Siwezi, mama. Kwa sasa siwezi."

Aliinamisha kichwa. Wamama waliingia, wakakunja nguo za Noëlla waende naye. Godelive alikuwa ananiambia mimi kichwa ngumu, leo angeniambia nini sijui. Mulangoni Noëlla aligeuka, akasema, "Uji iko ku jiko, Papa. Usiuache uungue." Wakateremuka mu matope, Cibalonza amemushika mukono kwa nguvu kama anayeshika mutu aliyetoka mu mafuriko.

Uji uliungua.

10 novemba

Hakuna kitu.

13 novemba

Hakuna. Yule wa kinga amerudi, sasa ana kuku wawili.

16 novemba

Nimejua neno lile la mufumu lilipotoka, na sijui nicheke ao nipige ukuta.

Maman Madeleine amekuja mbio, kitenge kimelowa. Mwezi uliopita alikutana na Maman Cibalonza ku soko la Kadutu. Cibalonza akamuuliza: "Yule baba mukwe wetu, kila mara namuona anaingia foyer. Anatafuta nini kwa wamama?" Madeleine alikuwa ameapa asiseme ninafuma nini. Hakuapa asiseme ninafuma. Akacheka, akasema, "Ah, yule! Yule sasa ni mufumi mukubwa!"

Mufumi, mutu wa kufuma. Na Cibalonza, mwenye masikio ya Kishi, lugha ya kwao, kelele ya soko, mvua ku mabati, akasikia mufumu. Herufi moja! Mu imprimerie tulikuwa na mutu wa kusoma karatasi mbele hazijafungwa, kazi yake ni herufi moja moja tu, na sisi tulikuwa tunamucheka. Mungu anisamehe.

"Nakwenda sasa hivi kumweleza," Madeleine alisema.

"Utamweleza nini? Kwamba ninafuma? Atauliza ninafuma nini. Noëlla iko mu nyumba ile ile, na ile nyumba haina dari, kila neno linapita."

"Basi utabaki mufumu?"

"Serikali ilitukata majina ya ubatizo, tukabaki wazima. Majirani nao wananipa moja. Nitabaki muzima."

Nilisema kwa ubishi. Alipokwenda haikuwa ubishi tena. Nyumba ni kubwa.

21 novemba

Leo nilimungoja Maman Cibalonza ku bomba la maji, peke yake. Aliponiona aliweka ndoo mbele yake kama ukuta. Nikasema, "Mama, njoo hapa chini ya paa la bucherie, kule wanauza nyama. Utaona na macho yako, kisha utanihukumu." Nadhani alikuja kwa udadisi kuliko kwa huruma. Nikafungua koti.

Aliangalia kondoo. Hakupiga kelele. Alinyoosha kidole, akagusa mwili mweupe, akasema polepole, "Hii ni mukono ya Godelive." Kisha akaona kichwa, akapiga mikono pamoja. "Ee Nyamuzinda! Umeweka kichwa!"

"Alikuwa hajamaliza."

"Alimaliza! Nani alikuambia hajamaliza?"

"Kroshe ilikuwa ku shingo. Kifo kilimukuta…"

"Kifo nini! Sikia." Akanivuta karibu. Mvua ilikuwa inashuka ku paa, na kwa mara ya kwanza nilisikia mwanamuke huyu akinongona. "Godelive hakuachia pale juu ya kifo. Aliachia pale juu njo mahali pa kuachia. Mwili anafuma, tumbo anaacha wazi, kichwa haweke. Alisema: kitu bila kichwa si kitu. Kifo kitapita, kitaangalia mu kikapu, kitasema, ah, ni soksi tu, na kitaenda zake. Mutoto akilia, pale pale anaweka kichwa. Mimi nilimuona. Yule wa kwanza wetu alilia, Godelive akaketi ku barza ya maternité, kule wamama wanazalia, akamaliza kichwa mbele jua halijazama. Tulimuzika na kanyama kake."

Sikujua. Miaka yote ile tulilala mu nyumba moja, na wanyama wale niliona wazima tu, na vichwa vyao. Sikuuliza.

"Na wa pili?" nikasema.

Aliangalia maji yaliyokuwa yanapita mu mutaro. "Wa pili hakulia. Mwili ulikuwa tayari. Tulikaa mimi naye, tukafumua pamoja. Yeye alivuta, mimi nilizungushia uzi ku mukono." Akagusa tena ule mweupe. "Unafikiri huu uzi aliutoa duka gani?"

Nilitegemea ukuta wa bucherie. Miezi hii yote nilimuona Godelive kama mutu aliyekatwa katikati, mukono uko hewani. Kumbe alimaliza kazi yake yote iliyowezekana kumalizwa. Aliweka kroshe pale kusudi. Moyo wangu ulishuka chini ukakaa, sijui kusema namna ingine.

"Kata," Cibalonza alisema.

Nina kisu kidogo cha kufungia vitabu, siachane nacho. Nilikata mushono wangu mwenyewe, ule usioachia. Uliachia kwa shida. Cibalonza alipokea kichwa kijani mu kiganja, akakiangalia mbele na nyuma.

"Na hii ni nini? Mbuzi?"

"Kondoo."

"Haya." Akakifunga ku pembe ya kitenge, mahali wamama wanawekaka pesa zao za makuta. "Kichwa kwangu, mwili kwako. Hata kifo kikija, kitazunguka Kadutu yote hakitajua kuunganisha." Halafu akaona haya, mara moja, kama mutu aliyekanyaga mwiba. "Papa Anaclet. Nilikuitaka mufumu mbele ya watu. Sasa nitasema nini? Nikisema nilikosea, watauliza nilijuaje. Noëlla atauliza wa kwanza."

"Usiseme kitu."

"Utabaki peke yako mpaka siku ile?"

"Mupikie uji," nikasema. "Hapende sukari nyingi."

Alibeba ndoo ku kichwa. Alipofika njiani aligeuka, akasema kwa sauti yake ya kawaida, ili bomba zima lisikie: "Na usinisogelee tena, mufumu wewe!" Kisha akanikonyeza. Sijawahi kufikiri mwanamuke yule anajua kukonyeza.

22 novemba

Nimelala vizuri.

27 novemba

Eulalie amevuka njia. Nimemusalimia kwa furaha, akaongeza mwendo.

30 novemba

Mvua ya mawe. Nimeona Noëlla kwa mbali ku misa. Anatembea kwa kupumzika. Alinitafuta kwa macho, nikajifanya natafuta wimbo mu kitabu. Ukurasa ulikuwa juu chini.

5 desemba

Cibalonza alituma mutu alfajiri: uchungu umeanza. Nilishuka mpaka hospitali na mwili wa kondoo mu mufuko wa ndani, kroshe, uzi, sindano, mukasi. Évariste yuko njiani, mvua imekata barabara upande wa Kamanyola.

Ku koridoo kuna benchi moja. Wamama wa ukoo walisogea mwisho wake wote nilipoikalia, wakajibanana kama ndizi. Cibalonza alikuwa anaingia na kutoka. Kila akitoka nilisimama, na kila mara alitikisa kichwa. Saa sita. Saa nane. Masoeur, watawa wa hospitali, walipita na beseni, hawakuniangalia. Nilisema rozari, nikapotea hesabu, nikaanza tena. Nilikuwa nimeshika ule mwili mweupe ndani ya koti, na nilikuwa naomba kitu kimoja tu, kwa Mungu na kwa Godelive, sijui nani alisikia kwanza: alie. Hata kidogo. Alie vibaya, alie kwa hasira, lakini alie.

Kulikuwa kimya. Kisha kimya kile kikarefuka. Mama mumoja ku benchi alianza kufunga kitambaa ku kiuno namna wanavyofunga wakijiandaa kwa kilio, na mimi nilifumba macho.

Halafu akalia.

Ee, akalia! Hakulia kama mutoto, alilia kama mutu aliyedhulumiwa mu hesabu ya soko. Wamama walipiga vigelegele, benchi ikaanguka. Cibalonza akatoka mbio, machozi mpaka shingoni, akasimama mbele yangu mbele ya wote, akafungua pembe ya kitenge, akatoa kichwa.

"Haya, mufumi," akasema, na ile i aliivuta mpaka ukuta wa mwisho wa koridoo. "Fuma!"

Nilishona pale pale. Vidole vilikataa, sindano haikuona tundu. Cibalonza akalowesha uzi kwa mate yake, akaupitisha yeye. Alishika mwili, mimi nikashona shingo, na wamama wale walioogopa kivuli changu wakainama juu yetu kuzuia mwanga, nikawafukuza kwa matusi madogo. Mumoja akauliza hii ni mbwa. Cibalonza akamwambia anyamaze, ni kondoo, hata kipofu anaona.

Noëlla alikuwa amelala, uso umekauka, na ubavuni pake kifurushi chenye kunyamaza sasa. Ni musichana. Nilimwekea kondoo ku shuka, akaanguka upande, chaka.

Alisikia ile sauti mbele hajaangalia. Niliona ikimufikia. "Ni yangu," alisema, kama mutoto. Kisha akaangalia, akaona si wake, akaona mwili ni wa mama yake. Alinifahamu hapo, nadhani, mulango uliofungwa na kayamba na mengine yote, juu alishika mukono wangu akaulaza ku shavu lake. Halafu kidole chake kikapanda ku kichwa kijani, kikapita juu ya masikio yaliyolala, kikasimama. Akaniangalia shati. Akaniangalia koti jepesi, lililolowa.

"Papa," alisema. "Tiriko yako iko wapi?"

Nilisema sisikii baridi. Meno yangu yalikuwa yanagongana.

Noëlla akashika kile kifurushi kwa mikono miwili, akaangalia uso wake wote, polepole, bila kuogopa, halafu akanipa.

"Basi shika huyu," alisema. "Huyu iko moto."

Nilimushika. Iko moto kweli.